Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria wa Kanada: siku 90 zisihesabiwe mgonjwa akiwa foleni

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote. Machi 2025 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu iliishauri Kanada ifute njia ya pili ya kusaidiwa kufa (mgonjwa akiomba, daktari au muuguzi bingwa humpa dawa ya kukatisha uhai), ile ya wagonjwa ambao kifo chao cha kawaida hakijakaribia. Maadamu haijafutwa, tunakusihi utazame siku 90 ambazo sheria inamtaka mwombaji angoje.

Kwa sheria ya Machi 2021, mwombaji wa njia hiyo hutathminiwa na madaktari au wauguzi bingwa 2, kila mmoja kivyake. Ikiwa hakuna kati yao aliyebobea katika maradhi yake, lazima aulizwe aliyebobea. Pia lazima zipite siku 90 kamili kabla hajasaidiwa kufa. Zinaanza kuhesabiwa lini? Siku tathmini ya kwanza inapoanza. Hazingoji miadi ya kliniki ya maumivu, hazingoji mlezi wa nyumbani, hazingoji nyumba ambayo kiti cha magurudumu kinapita mlangoni. Mgonjwa lazima aelezwe huduma zilizopo, apewe nafasi ya kuzungumza na wanaozitoa, na watathmini waridhike kwamba amezifikiria kwa dhati. Kuzifikiria tu! Hakuna kifungu kinachodai ziwe zimemfikia. Aliyepangiwa miadi baada ya miezi 6 anamaliza siku zake 90 bado akingoja, na fomu zote zinaonyesha sheria imefuatwa.

Mlituahidi kwamba walio dhaifu watalindwa. Mwaka 2023 watu 622 walikufa kwa njia hii. Wangapi kati yao walikuwa wangali wanangojea huduma?

Mashahidi wa ombi la maandishi la mgonjwa nao walikuwa 2, sasa ni 1, na anaweza kuwa mlezi anayelipwa kumwogesha mgonjwa huyohuyo. Shahidi huona sahihi ikitiwa. Shinikizo la usiku uliopita halioni.

Na Machi 17, 2027, tarehe iliyokwisha kusogezwa mara 2, wenye maradhi ya akili pekee wataingia njia hiyohiyo Bunge lisipobadili sheria. Wao nao watahesabiwa siku wakiwa foleni?

Tunaomba kifungu kimoja, Mheshimiwa. Siku 90 zianze pale huduma aliyoiomba mgonjwa inapomfikia. Akiikataa, ni haki yake, na iandikwe kwamba ameikataa. Akiikosa, hesabu isimame. Isimame mpaka aipate.