Maziwe haipo saa kumi alasiri

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwasumbua kwa barua. Hata siku mliyochapa picha ya Soni mkaandika chini yake kuwa ni Amani, nilinyamaza. Lakini makala ile ya ukurasa wa safari, ya kuimaliza Tanga kwa siku mbili, imenishinda, maana safari hii wako watu walioifuata neno kwa neno.

Mnaikumbuka ratiba. Asubuhi mapango ya Amboni, mchana chakula Tongoni, saa kumi alasiri kuogelea kisiwani Maziwe, kesho yake Amani na Lushoto kabla ya giza. Familia moja ya kutoka Dar ilishuka Ushongo, ufukwe wetu huku Pangani zinakoondokea boti za Maziwe, na kipande cha gazeti mkononi, ikataka boti ya saa tisa. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Manahodha wawili wakakataa, wageni wakadhani wanapandishiwa bei. Wa tatu akawapeleka. Walizungushwa juu ya maji ya kijani, mtoto akiuliza kisiwa kiko wapi, na waliporudi matusi tuliyapokea sisi wa ufukweni, si ninyi wa mjini.

Sasa someni. Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, wakati ingali na miti na kasa wakitaga. Miti ikaisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo ni fungu tu linalotoka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaopanda pale huhamishiwa ufukweni Ushongo, yakiachwa yanalowa na kuharibika. Huku kwetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa baina ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na hujaa pomoni kuanzia saa kumi alasiri. Tofauti ya kina baina ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: yanajaa asubuhi, yanapwa alasiri, lakini hayapwi sana, na fungu halitoki pana kama la bamvua. Kila siku moja saa husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo mtu wa bamvua anaondoka Ushongo saa mbili na nusu, anafika mchanga ukiwa unajitokeza, anakaa kwa muda wa saa mbili au tatu, na maji yakianza kugeuka anapanda boti bila kubembelezwa. Kivuli hakuna hata cha kumkinga kuku, kwa hiyo turubai na maji ya kunywa vitoke bara. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, upepo hukaza kadiri mchana unavyopanda, na safari ya kurudi huwa ya kulowa. Haya yote anayajua mtoto yeyote wa mvuvi Pangani. Mwandishi wenu angeuliza mmoja tu.

Tongoni nako mnampeleka mgeni akale. Akale wapi? Pale, kama kilomita 20 kusini mwa mji, pana msikiti uliobomoka na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo ambazo nyingi zimeshaanguka. Ni makaburini, Mhariri. Wapo watu wanaofika na ubani na dua zao mpaka leo, na si adabu kutandika mkeka wa pilau hapo, wala kukalia ukingo wa kaburi upigwe picha. Mmejaza aya tatu za Vasco da Gama, ambaye meli yake São Rafael ilipanda mwamba karibu na hapo mwaka 1498 na mwaka uliofuata akaichoma moto, lakini waliojenga msikiti hawakupata hata nusu sentensi.

Amboni, kilomita nane tu kutoka mjini, mmechapa tena hadithi ya mbwa aliyeingia pangoni akatokea Kilimanjaro. Hadithi tamu, na waongozaji waisimulie. Gazeti liseme basi kwamba upimaji wa mwaka 1994 ulikuta mapango kumi yaliyotengana, refu kuliko yote likiwa na mita kama 900. Kisha liseme linalomfaa mgeni: tochi ya kichwani, kwa sababu kuna sehemu mikono yote miwili inahitajika, viatu vya soli yenye meno, kwa sababu kinyesi cha popo kinateleza, na mnene ajue kuwa kuna tundu la kupita kwa tumbo.

Ama Amani na Lushoto kwa siku moja, sijui mmetumia helikopta ya nani. Hii ni milima miwili, Usambara Mashariki na Magharibi, katikati yake bonde la Lwengera. Ukitoka Amani unateremka hadi Sigi, halafu Muheza kwa barabara ya vumbi ambayo masika huwa tope la kukwamisha, kisha Segera, Korogwe, Mombo, ndipo upande kilomita 33 za kona hadi Lushoto. Ukifika Irente, ukingo wa mlima wanakotazamia bonde, jioni hiyo, miezi ya baridi hasa, huenda ukaona ukungu tu. Kila mlima upewe usiku wake.

Na kwa kuwa kalamu ninayo mkononi: hakuna mahali mlipoeleza kwamba vivutio vya serikali viingilio hulipwa kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali inayotolewa kwa mtandao, si kwa noti. Mgeni anafika mlangoni, mtandao unazunguka, mlinzi mpole hana la kufanya, na nusu saa inakwenda. Aiombe namba na kulipa angali mjini kwenye mtandao. Na vibao navyo! Kuna njia panda ambazo kibao cha kanisa, cha shule na cha fundi magodoro vyote vipo, cha kivutio hakipo.

Ombi langu ni dogo. Chapeni jedwali la maji kupwa na kujaa kila Ijumaa, la bandari ya Tanga na si la Dar es Salaam, ukurasa wa pili chini ya nyakati za swala. Nafasi ipo: liondoeni lile tangazo la mganga wa kurudisha mpenzi kwa dakika 30.

Mpeleka wageni,
Ushongo, Pangani