Malalamiko kuhusu Shokapu na Springi Mlizonifungia kwenye Pikipiki ya Safari

Mwanjelwa,
Mbeya.

1 Julai 2025

Meneja,
Duka la Vipuri na Gereji ya Pikipiki,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SHOKAPU YA NYUMA NA SPRINGI ZA MBELE ZILIZOFUNGWA TAREHE 17 MEI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Tarehe iliyotajwa niliwalipa shilingi 3,450,000, na risiti ya EFD ninayo, kwa ajili ya shokapu moja ya nyuma yenye kitungi cha gesi pembeni, springi mbili za shokapu za mbele, oili yake, pamoja na gharama ya ufundi. Ninawaandikia kwa sababu kazi hiyo imeifanya pikipiki yangu iwe ngumu na ya hatari kuliko siku niliyoileta, na kwa sababu nimekwisha kufika ofisini kwenu mara mbili nikaondoka bila ufumbuzi.

Pikipiki yenyewe ni ya silinda mbili, cc 650, ya safari ndefu, nami ninaitumia kwa kazi hiyo hiyo. Karibu kila mwezi mimi na mke wangu huenda ukweni Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300 kwenda tu, na wakati wa kiangazi hupanda Isyonje kuelekea Kitulo. Shokapu ya kiwandani ilikuwa imetembea kilomita 48,000 na ilikuwa imechoka kweli. Ukivuka tuta moja, nyuma iliendelea kunesa mara tatu au nne kabla ya kutulia, na mke wangu, ambaye ana tatizo la mgongo, ndiye aliyekuwa akilipia kila tuta. Hayo yote nilimweleza muuzaji wenu pale kaunta, fundi wenu akiwa amesimama pembeni. Nilisema kwa maneno yaliyo wazi kwamba ninachotafuta si mbio wala mwonekano, bali safari ambayo abiria wangu atashuka akiwa mzima.

Muuzaji alinijibu kwamba barabara zetu zinataka kitu kigumu, kwa kuwa kilicho kigumu ndicho imara. Wakati ule sikuwa na elimu ya kumpinga. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba hakuna aliyeniuliza nina kilo ngapi, mke wangu ana kilo ngapi, wala mizigo yetu ina uzito gani, na ninaomba mlizingatie jambo hilo kuliko jingine lolote katika barua hii, maana ndilo chimbuko la yote yaliyofuata.

Jumamosi ya tarehe 24 Mei tulianza safari ya Iringa alfajiri. Tulipovuka rasta za kwanza, ile mistari iliyoinuliwa barabarani, baada ya Uyole niliona tofauti ambayo sikuitegemea: mistari miwili ya mwanzo ilipita vizuri, wa tatu ukagonga, na kufikia wa tano au wa sita nilihisi kama nimekalia ubao uliopigiliwa moja kwa moja kwenye ekseli. Kwenye matuta ya Igurusi na Chimala hali ilikuwa hiyo hiyo, ingawa nilikuwa chini ya kilomita 50 kwa saa kama sheria inavyotaka vijijini. Mbele nako, kila gurudumu liliposhuka kwenye shimo, nilisikia mlio wa chuma kugonga chuma karibu na hendeli. Tulipofika Makambako mke wangu alishuka akashika nguzo ya kibanda cha chai kwa mikono miwili, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu bila kusema neno. Hakupanda tena. Alimalizia safari kwa basi, nami nikalifuata basi hilo hadi Iringa.

Nilipofika kwenu tarehe 2 Juni niliambiwa kwamba shokapu ni mpya, kwamba itazoea, na kwamba nitembee kwanza kilomita 1,000. Nilitembea. Niliporudi tarehe 12 Juni niliambiwa nipunguze upepo wa matairi ili pikipiki iwe laini. Ushauri huo wa pili ulinisikitisha kuliko ubovu wenyewe. Tairi lenye upepo pungufu, likiwa limebeba watu wawili na mizigo kwa mwendo wa barabara kuu, hujikunja kupita kiasi na kupata joto, na joto hilo ndilo huliharibu hadi likapasuka. Kumpa mteja ushauri kama huo ili asirudi tena dukani ni kuyaweka maisha yake rehani, na sidhani kwamba ninyi wenyewe mngekubali wenzi wenu wapande chombo hicho.

Tarehe 21 Juni, baada ya kuona kwamba sitasaidiwa, nilimwomba fundi ninayemwamini wa Uyole aikague pikipiki mbele yangu. Aliinyanyua hadi gurudumu la nyuma likaning'inia, akapima kwa futi kutoka katikati ya ekseli hadi alama aliyoiweka kwenye bodi, akapata milimita 612. Kisha mimi na mke wangu tukapanda tukiwa na mabegi yetu ya safari, jumla ya kilo 164, akapima tena akapata milimita 594. Maana yake ni kwamba kwa uzito wetu wote nyuma ilishuka milimita 18 tu, wakati gurudumu hilo lina mwendo, yaani nafasi ya kupanda na kushuka, wa milimita 160. Wenye ujuzi wa kazi hii wanajua kwamba pikipiki ya safari, ikiwa na watu wake na mizigo yake, inatakiwa ishuke karibu theluthi ya mwendo wake, yaani kama milimita 50 kwa hii yangu, ili gurudumu liwe na nafasi ya kushuka linapokutana na shimo na nafasi ya kupanda linapokutana na tuta. Yangu haina nafasi ya kushuka. Barabara ikiinama, gurudumu haliifuati. Linaning'inia hewani, kisha linatua kwa kishindo, na kishindo hicho huishia mgongoni kwa abiria.

Huenda mtasema kwamba springi ilegezwe. Ilikuwa imelegezwa tayari hadi mwisho wa uzi wake; fundi alijaribu kuizungusha pete ya kukazia mbele yangu na haikuwa na pa kwenda. Kukaza au kulegeza pete hiyo hubadilisha kimo cha pikipiki tu, hakubadilishi ugumu wa waya wa springi. Fundi alipoifuta springi kwa kitambaa tulikuta namba ya ugumu wake iliyochapwa kwenye pindo la chini, 130, na hapo nikakumbuka kile kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi. Kijitabu hicho kina jedwali la kuchagulia springi kulingana na uzito, na kwa uzito wetu jedwali linaonyesha springi ya 95. Juu ya jedwali kuna mistari mitatu ya kujazwa na muuzaji: uzito wa dereva, uzito wa abiria, uzito wa mizigo. Yote mitatu ni mitupu. Nimeambatanisha nakala ya ukurasa huo.

Kuna kitufe pia chini ya shokapu hiyo, cha kudhibiti kasi ambayo springi hurudi baada ya kubonyezwa. Kijitabu kinaelekeza kifunguliwe hatua 12 kutoka pale kilipofungwa kabisa. Cha kwangu kilikuwa kimefungwa kabisa, na hiyo ndiyo siri ya zile rasta: springi ilibonyea kwenye mstari wa kwanza, ikawa haijarudi ulipofika wa pili, ikabonyea zaidi, hadi ilipofika wa tano haikuwa na mwendo uliobaki. Fundi alikifungua hatua 12, na kwenye rasta palikuwa na nafuu kidogo, lakini sasa springi ngumu kiasi hicho ikawa inarusha, kiasi kwamba kwenye tuta la kwanza mke wangu alinyanyuka kwenye siti. Tatizo moja lilikuwa limelificha lingine.

Kwa upande wa mbele, fundi alifunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye mguu wa shokapu, ikaachwa isukumwe shokapu inapobonyea ili ionyeshe imebonyea hadi wapi. Nilikwenda hadi Chimala na kurudi, nikapita kwenye kila tuta na kwenye ile mifereji ambayo malori ya Tunduma yameichimba kwenye lami ya Mlima Nyoka. Kamba ilisimama kwenye milimita 58. Mwendo wote wa mbele ni milimita 150, kwa hiyo zaidi ya nusu ya shokapu nilizonazo sizitumii kabisa.

Tulipofungua vifuniko vya juu sababu zilionekana kwa macho. Springi mlizoweka ni ndefu kuliko za kiwandani, lakini vile vipande vya bomba vinavyokaa juu yake viliachwa na urefu wake wa zamani badala ya kukatwa, na kwa hiyo springi zilifungwa zikiwa zimebanwa sana kabla hata pikipiki haijabeba kitu. Huo mlio wa chuma niliousikia ni mguu wa shokapu kunyooshwa ghafla hadi mwisho wa urefu wake. Halafu kuna oili. Ilipopimwa, shokapu zikiwa zimeshushwa na springi zimetolewa, ilikuwa milimita 90 kutoka juu, wakati kitabu cha pikipiki kinataka 140. Hewa inayobaki juu ya oili hufanya kazi ya springi ya pili. Ikibaki hewa kidogo, hubanwa haraka na kuwa ngumu kama jiwe, na shinikizo lake hutafuta pa kutokea.

Lilipata pa kutokea. Tarehe 14 Juni nilikuwa peke yangu njia ya Kitulo, asubuhi yenye baridi kali kama ilivyo kawaida ya mwezi huo, nikasimama Isyonje kupasha mikono moto. Nilipoinama kuangalia gurudumu la mbele nikakuta mguu wa kushoto umelowa. Vumbi lilikuwa limegandamana na oili likawa tope jekundu kuanzia kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, hadi chini, na tone moja lilikuwa limetambaa hadi kwenye kishikio cha breki, kama upana wa vidole viwili kutoka kwenye diski. Nilirudi Mbeya kwa mwendo wa kutembea, nikitumia breki ya nyuma na gia tu kuteremka, huku malori yakinipita. Kama oili ile ingefika kwenye diski nikiwa kwenye mteremko, nisingekuwa nawaandikia barua hii.

Napenda niwe mkweli kwenu. Shokapu yenyewe sina ugomvi nayo. Imetengenezwa vizuri, inaweza kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo, na gesi yake imetenganishwa na oili ili oili isifanye povu ikipata joto kwenye safari ndefu, jambo ambalo shokapu yangu ya zamani haikuwa nalo. Ndiyo maana nilikubali kulipa fedha nilizozikusanya kwa miezi 14. Lakini sikulipia chuma peke yake. Nililipia chuma kinachomfaa mtu wa uzito wangu, kilichofungwa na mtu aliyesoma maelekezo yake, na hicho ndicho ambacho sikupata.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo: bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Mimi niliwaeleza matumizi yangu na nikategemea ujuzi wenu.

Kwa hiyo ninaomba springi ya nyuma ibadilishwe iwekwe ya 95 kama jedwali la mtengenezaji linavyoelekeza, bila mimi kuongeza malipo. Shokapu za mbele zifunguliwe upya, vipande vya bomba vikatwe kwa urefu unaotakiwa, sili zote mbili zibadilishwe na oili ipimwe, si kukadiriwa kwa jicho, nami niruhusiwe kuwepo wakati wa kazi hiyo. Mkimaliza, pikipiki ipimwe mimi na mke wangu tukiwa juu yake, na vipimo viandikwe kwenye ile mistari mitatu iliyoachwa mitupu na visainiwe na fundi. Kama springi hiyo hamna na hamwezi kuiagiza, basi nirudishiwe shilingi 3,450,000 nami nitawarudishia vifaa vyenu vyote. Ninaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, na nisipoyapata nitapeleka malalamiko yangu Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo nilivyonavyo.

Jambo la mwisho ni shokapu yangu ya zamani. Siku ile ya kufunga sikuondoka nayo, na nilipoiulizia tarehe 2 Juni niliambiwa haijulikani ilipowekwa. Ile ni mali yangu, sikuiuza wala sikuitoa, na hata ikiwa imechoka ninaihitaji ili pikipiki iweze kutembea wakati tunasubiri springi. Ninaomba itafutwe, nami nitapita kuichukua Jumatatu ya tarehe 7 Julai saa nne asubuhi.

Wenu mteja,

Mmiliki wa pikipiki,
Mwanjelwa, Mbeya.

Viambatanisho: nakala ya risiti, nakala ya ukurasa wa jedwali la springi, picha nne za shokapu ya mbele inayovuja, vipimo vya tarehe 21 Juni vilivyosainiwa na fundi.