YAH: MALALAMIKO JUU YA DAWA MLIYOMPA MBWA WANGU

Meneja,
Duka la Dawa za Mifugo na Kliniki,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Utaratibu wa kumpokea mnyama aliyeumia mmeubandika wenyewe ukutani, sina haja ya kuwasomea.

Jumatatu saa mbili usiku nilimleta Tomi, amegongwa na bodaboda hapa Nkuhungu, mguu wa nyuma unaning'inia. Kijana wenu hakutoka nyuma ya kaunta. Hakumpima uzito, hakumgusa, hakuuliza chochote. Akatoa diklofenaki, dawa ya maumivu ya binadamu, akahesabu vidonge kumi kwenye kipande cha gazeti: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mbwa tu huyu, mama." Nikalipa elfu tano na kushukuru. Nilishukuru, Meneja!

Jumatano jioni akatapika damu. Choo cheusi, kinanata kama lami. Nilipiga simu yenu mara nne. Alhamisi nikamrudisha kwenu, dada mwingine akavuta sindano ya deksamethazoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, amchome hapo hapo, na nimeshamwambia Tomi anatumia diklofenaki! Dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kutoboa tumbo. Nikambeba mbwa wangu nikaondoka.

Naomba nirudi Jumatatu, maana ndipo roho inaponiuma. Tomi alikuwa kwenye vigae vyenu, anatetemeka, macho yote kwangu. Kijana anahesabu huku amechomeka waya wa simu sikioni. Kidonge kimoja kikaanguka chini, akakiokota, akakirudisha kwenye gazeti. Ndipo akasema lile neno, "Mbwa tu huyu," na wateja wawili waliokuja kununua chanjo ya kideri wakacheka. Na mimi nikatabasamu, kwa aibu.

Daktari wa mifugo wa Area C nilikompeleka alianza na mizani: kilo 14. Akasimamisha vidonge vyenu, akaweka dripu, akampa omeprazoli ya kulinda tumbo na tramadoli ya maumivu, kwa kipimo cha uzito wake, kisha akaufunga mguu. Akanieleza kuwa diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo, na hata paracetamoli si ya kumpa kwa kukisia. Mimi ni fundi cherehani. Nimeelewa kwa dakika tano. Ninyi mna leseni.

Nilipoanza barua hii nilitaka elfu tano yangu tu. Sasa nataka na shilingi 185,000 za matibabu, stakabadhi nimeambatanisha. Na kijana aje kuomba radhi nyumbani kwangu, mbele ya wanangu waliofuta ile damu. Si kwa simu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandika "mbwa tu".

Nawapa siku saba. Zikipita, nakala inakwenda Baraza la Veterinari na nyingine TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pamoja na lile gazeti. Vidonge sita bado vimo.

Aliyekuwa mteja wenu,
Nkuhungu