Dubai hadi Guangzhou ni saa ngapi? Soma kabla hujasema tumekuibia

Wiki hii tena kuna mteja katupigia simu kwa hasira, sisi wakala wake wa tiketi za ndege. Tulimwambia Dubai hadi Guangzhou ni saa 7 na kitu. Tiketi imeandikwa kuondoka 10:30, kufika 21:45. Kahesabu, kapata saa 11 na robo. "Mmenipa ndege ya kuzunguka!"

Hapana, bosi. Saa za kwenye tiketi ni za mji husika. China iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na nchi nzima inafuata saa ya Beijing. Toa hizo 4, inabaki 7 na robo, ambayo ndiyo kawaida kwa kilomita kama 5,800. Kurudi ni kinyume: kuondoka 00:30, kufika 05:00, mtu anafurahi ni saa 4 na nusu tu. Ongeza 4, ni saa 8 na nusu. Kurudi ni kurefu zaidi kwa sababu upepo wa huko juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo wakati wa kwenda unaisukuma ndege na wakati wa kurudi unaikabili. Hilo hakuna wakala wa kukupunguzia.

Hiyo 00:30 nayo ina mambo yake. Tarehe 20 saa 00:30 ni usiku wa kuamkia tarehe 20, maana yake uwe Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, tarehe 19 jioni. Kuna mama mmoja wa nguo za watoto, safari hiyo alijikatia mwenyewe kwenye simu. Tarehe 20 mchana bado yuko Xiaobei, mtaa wa hukohuko Guangzhou, anafunga mabegi kwa gundi, akatupigia kuuliza aende terminali ipi. Ndege yake ilishatua Dubai tangu alfajiri. Ndiyo maana sisi tarehe ya kuripoti uwanjani tunaiandika kwa kalamu nyekundu juu ya tiketi, hata kama mteja anatuona wasumbufu.

Sasa njia ya mkato wanayoipenda wengi: tiketi mbili. Dar–Dubai ya shirika moja, Dubai–Guangzhou ya jingine, bei inashuka kweli. Lakini begi lako mara nyingi linaishia Dubai. Kulichukua lazima upite uhamiaji, na Mtanzania bila visa ya Emirati hapiti. Kijana mmoja wa vipuri alikwama hapohapo: begi analijua liko chini kwenye mkanda, yeye yuko juu, na ndege ya pili inafunga mlango. Tiketi ile ikapotea, akanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo. Ndege ya kwanza ikichelewa ni hivyohivyo, ya pili haina deni na wewe wala haikusubiri. Na kilo angalia: ya kwanza inaweza kukupa mabegi mawili, ya pili begi moja la mkononi.

Tiketi yetu ni buking moja mpaka mwisho. Ukikosa ndege Dubai kwa kuchelewa kwa ile ya kwanza, shirika ndilo linakutafutia nyingine. Ile tofauti ya bei mnayoilalamikia inalipia hilo, pamoja na mtu wa kupokea simu yako saa 8 usiku.

Wanaokwenda maonyesho ya biashara ya Canton, hapo Guangzhou, ya Oktoba, leteni pasipoti mapema. Nafasi za bei nzuri huisha kwanza, na visa ya China tunataka iwe mkononi kabla hatujakata tiketi.