Tuache kuogopa sindano ya mgongo

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niongee juu ya hii sindano ya mgongo, maana huku Kayole daktari akisema mgonjwa atolewe maji ya mgongo (yale yanazunguka ubongo na uti wa mgongo, yapimwe kama kuna maambukizi) majirani wote wanakuja mbio, usikubali, atakufa ama atapooza. Jamani. Sindano inaingia chini huko karibu na kiuno, na uti wenyewe, ile kamba ya neva ndani ya mifupa ya mgongo, kwa mtu mzima unaishia juu ya hapo, kwa hivyo kupooza ni nadra sana, yenye huwapata wengi ni kuumwa na kichwa siku kadhaa. Mtu mzima ana kama mililita 150 za hayo maji na mwili hutengeneza karibu 500 kila siku, hako kadogo kametolewa karudi upesi tu. Wengi wenye hufa baadaye walifika hospitali wakiwa wamelemewa kitambo, wakimezeshwa dawa ya malaria ya kukisia, halafu lawama inabebeshwa sindano. (Kuna wenye hawadungwi kwanza, kama kuna dalili ubongo umefura, hao hupigwa skani kabla.)

Lakini lenye linanikera zaidi ni hili la maabara. Maji yanapimwa bakteria, hakuna kitu, familia inaambiwa "ni safi" na watu wanaanza kushukuru Mungu. Safi aje na mgonjwa bado anaongea vitu havieleweki na anapata kifafa? Virusi havionekani kwa hiyo kalcha ya bakteria, yaani kile kipimo cha kuotesha bakteria maabara. Herpesi, kile kirusi cha vidonda vya mdomo, kikishika ubongo na mtu asipate dawa kinaua kama 7 kati ya 10, na dawa iko, asikloviri ya kupitia mshipa, tena inafaa ianzwe hata kabla majibu yarudi. Kipimo chake ni PCR, kinatafuta jeni za kirusi ndani ya hayo maji, na hata hiyo ikifanywa siku 3 za kwanza za ugonjwa inaweza kukosa kitu, inabidi irudiwe.

Sasa nyinyi madaktari, mkituletea majibu tuambieni ni nini kimepimwa na ni nini hakijapimwa. Na kama PCR itapelekwa maabara ya nje semeni bei hiyo siku ya kwanza, tuanze kuchanga mapema.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi