Mfanyakazi akiacha kazi, usikimbilie kufuta akaunti yake

Wateja wetu habari za kazi. Wiki hizi simu nyingi tunazopokea ni za jambo moja, "fulani kaacha kazi, mfuteni kwenye seva leo leo", na tukisema subiri kwanza tunaonekana tunavuta muda. Sio hivyo jamani. Ngoja tuelezane vizuri maana hili jambo lilishamkuta mteja wetu mmoja na tulilazimika kulala ofisini kwake kulinyoosha.

Ofisi nyingi tunazozihudumia zina seva moja, yaani kompyuta kuu ya ofisi, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na orodha ya watumiaji wote iko kwenye faili moja tu linaitwa /etc/passwd, halafu kuna mfumo unaitwa NIS ndo unaisambaza hiyo orodha kwenye kompyuta zote, kwa hiyo ukikaa mashine yoyote, ya mapokezi au ya stoo, unaingia kwa jina lako na paswedi yako ile ile. NIS ni ya zamani kweli, Sun Microsystems waliitengeneza miaka ya 1980 wakaiita Yellow Pages, baadaye jina likabadilishwa kwa sababu Uingereza lilikuwa limeshasajiliwa na British Telecom, ila amri zake mpaka leo zinaanza na yp. Kila mtu ana mstari wake mmoja kwenye lile faili, uko hivi:

mhasibu2:x:1012:1012:Chumba cha hesabu:/home/mhasibu2:/bin/bash

Angalia hiyo 1012 ya kwanza. Kwa seva, huyo ndo mtumiaji mwenyewe. Hilo jina mhasibu2 ni la kutusaidia sisi, lakini faili likihifadhiwa kwenye diski kinachoandikwa pale ni namba ya mwenye nalo, jina halipo kabisa, ukiona jina kwenye skrini ujue kompyuta imeenda kuangalia kwenye orodha hiyo namba ni ya nani kwa sasa.

Sasa yule mteja, mhasibu wake aliondoka, wakampa kijana mmoja wa palepale ofisini amfute, akamfuta kweli, akaunti na folda yake ya nyumbani vyote vikaondoka. Lakini kwenye diski ya pamoja kulikuwa na folda ya mishahara, ile haikuguswa, ikabaki na namba 1012 bila mwenyewe. Baada ya miezi miwili akaja binti wa chuo kufanya fildi, akafunguliwa akaunti, na seva ikitoa namba mpya inachukua inayofuata ile kubwa iliyopo kwenye orodha, na kwa vile mhasibu ndo alikuwa wa mwisho, yule binti akapewa 1012. Asubuhi anaingia, anafungua diski ya pamoja, kila kitu cha mishahara kinamfungukia, anasoma na anaweza hata kubadilisha. Uzuri alikuwa mwaminifu, akaenda kumuuliza meneja, "Shikamoo bosi, hii folda ya mishahara natakiwa kuifanyia nini?" Meneja akadhani tumedukuliwa. Hakuna aliyedukua, ni namba tu ilirithiwa.

Kwa hiyo sisi namba ya mtu aliyeondoka hatuigawi tena, hata ipite miaka mingapi, namba zipo nyingi mno hakuna sababu ya kubana. Mstari wake tunauacha kwenye faili, tunafunga paswedi, na pale mwisho palipoandikwa /bin/bash tunaweka /usr/sbin/nologin, inayomkatalia kuingia. Kufunga paswedi peke yake hakutoshi, kama mtu alishaweka ufunguo wa SSH, yaani faili la siri linalomtambulisha akiingia kwenye seva kutoka mashine nyingine, anaendelea kuingia bila kuulizwa paswedi, hivyo na funguo tunaziondoa. Kazi zake za cron, zile zinazojiendesha zenyewe kwa saa zilizopangwa, nazo tunaziangalia, tumeshakuta ripoti inatumwa kila usiku kwa jina la mtu ambaye hayupo tena kazini. Halafu ndo tunatafuta mafaili yake yote kwa namba, find /data -uid 1012 (hapo /data ndo diski ya pamoja), tunaikabidhi orodha kwa bosi wake aamue nani anayapokea.

Kosa lingine tunalokutana nalo sana, fundi anabadilisha faili vizuri kabisa halafu anasahau kwenda /var/yp na kuandika make. Bila hiyo mtandao unaendelea kutumia orodha ya zamani, kwenye seva unaona mtu amefungwa lakini akikaa mashine ya stoo anaingia kama kawaida. Na wanaotumia Windows kufungua mafolda ya seva kupitia Samba, programu inayoiwezesha Windows kuona mafolda ya seva ya Linux, ile ina orodha yake ya paswedi, inabidi afungwe na kule kwa smbpasswd -d.

Kuna jambo moja lazima tuwe wakweli kwenu. NIS inampa mtumiaji yeyote aliye ndani uwezo wa kuandika ypcat passwd na kuiona orodha nzima, na kwenye seva nyingi tulizozikuta paswedi zilizosokotwa, yaani zilizogeuzwa kuwa herufi zisizosomeka, zinatokea humo humo, mtu anazibeba kwenye flashi akakae nyumbani na programu ya kubahatisha mpaka zile nyepesi nyepesi zifunguke. Mtu mwenye paswedi ya jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, huyo haichukui muda. Red Hat wenyewe, kampuni kubwa ya Linux, wameshaitoa NIS kuanzia toleo la 9 la Red Hat Enterprise Linux. Ndo maana tunawahamisha wateja taratibu kwenda FreeIPA, mfumo mpya zaidi wa kusimamia watumiaji, namba za watu zinabaki zile zile ili mafaili yasikose wenyewe, na tunafanya wikiendi ili Jumatatu kazi iendelee.

Tunachoomba kwenu mfanyakazi akikaribia kuondoka, tuambieni siku mbili tatu kabla, mtutajie jina analoingilia, siku yake ya mwisho, na nani anarithi mafaili yake. Akifukuzwa ghafla pigeni simu muda huo huo hata kama ni usiku, tunamfungia kwanza, mambo ya mafaili tutayapanga asubuhi mkishatulia.