Barua kwa mwanangu: ujira wa saa na mshahara wa mwaka

Mwanangu mpendwa,

Nimezipitia kurasa za daftari ulizonitumia. Nianze na lile fumbo la mfanyakazi anayelipwa 12 kwa saa, saa 40 kwa wiki, nawe ukajibu 23,040 kwa mwaka, mwalimu akakupiga kosa. Kuzidisha kwako hakuna dosari: 12 mara 40 ni 480, mara wiki 4 ni 1,920, mara miezi 12 ni 23,040. Tatizo ni hiyo 4. Mwezi wenye wiki 4 kamili ni Februari peke yake, tena usipokuwa mwaka mrefu. Kila mwezi ukiupa wiki 4, mwaka wako unakuwa na wiki 48, ilhali mwaka wa kawaida una wiki 52 na siku 1 juu. Basi 480 mara 52 ni 24,960. Toa jibu lako humo uone: inabaki 1,920. Mtoto wa watu umemfanyisha kazi wiki nne bila malipo!

Kinga ya kosa hilo ni kuandika kizio ubavuni mwa kila namba. Fedha 12 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki 52 kwa mwaka. Saa zinakatana, wiki zinakatana, unabaki na fedha kwa mwaka, ndicho kilichoulizwa. Ile 4 yako ingelazimika kuandikwa "wiki 4 kwa mwezi", na hapo nadhani ungeshtuka mwenyewe.

Sasa ishike 2,080. Ni saa 40 mara wiki 52, na maswali mengi ya aina hii yanaizunguka hiyo. Ukiwa na ujira wa saa, zidisha. Ukiwa na mshahara wa mwaka, gawanya. Kabla hujaandika chochote, kisia kichwani: ujira wa saa uzidishe mara mbili, kisha weka sifuri tatu. Kwa 12 unapata 24,000, pungufu ya jibu kamili kwa chini ya asilimia 4. Karatasi ikikuletea 2,496 au 249,600, utajua umepoteza au umeongeza sifuri.

Swali la kulinganisha kazi mbili ndilo nililolipenda zaidi, nawe umelipita mbio. Kazi ya kwanza inalipa 12 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Ya pili inalipa 26,000 kwa mwaka. Umeandika "ya pili ni bora" kwa kuwa 26,000 ni kubwa kuliko 24,960. Rudi kwenye maelezo: ya pili inadai saa 45 kwa wiki. Hizo ni saa 2,340 kwa mwaka, na 26,000 ukigawanya kwa 2,340 unapata kama 11.11 kwa saa. Fedha ni nyingi zaidi, lakini kila saa yake imeuzwa kwa bei ya chini. Swali liliuliza kazi ipi inalipa vizuri zaidi kwa saa, kwa hiyo jibu ni ya kwanza. Angeulizwa mtu mwenye madeni, huenda angechagua ya pili, na nisingemlaumu.

Dakika nazo zichunge. Saa 7 na dakika 30 huandikwa 7.5, wala si 7.30, kwa kuwa saa ina dakika 60.

Kwenye saa za ziada umemwaga fedha za mwajiri. Aliyefanya saa 46, na zilizozidi 40 zikalipwa mara moja na nusu, hapati 46 mara 18. Zile 40 za kwanza zinabaki na bei yake, 480. Ni 6 tu zinazolipwa 18, yaani 108. Jumla 588.

Limebaki swali la 9, uliloliacha wazi. Mmoja analipwa 1,000 kila baada ya wiki mbili, mwenzake 1,080 mara mbili kwa mwezi. Nani anapata zaidi kwa mwaka? Usikimbilie 1,080. Hesabu kwanza kila mmoja anapokea malipo mara ngapi kwa mwaka, kisha zidisha. Nitumie jibu pamoja na njia, na vizio vyote viwepo.

Mama yako